Namna ya Kumkaribisha Mpishi Mgeni Kwenye Gari la Chakula

Huja siku ambapo mwenye gari la chakula huichoka menyu yake kabla wateja hawajaichoka. Chipsi mayai, wali maharage na mishkaki huuzika kila siku, lakini huuzika vilevile kwa jirani aliyeegesha hatua chache mbele, na kinachowatofautisha hatimaye ni bei tu. Njia mojawapo ya kutoka kwenye ushindani huo, na ambayo mtaa mzima hufaidika nayo, ni kumwalika mpishi mwingine apike chakula chake ndani ya gari lako kwa siku moja: mama lishe ambaye makande yake yanasifiwa kata nzima, bibi wa Kipemba ambaye pweza wake wa nazi huliwa kwenye shughuli za ukoo na hauzwi popote, au kijana aliyemaliza chuo cha hoteli na hajapata mtaji wa kununua hata meko. Mwongozo huu unatokana na kazi hiyo kama tunavyoifanya Dar es Salaam kwa kirikuu kilichojengewa bodi la jikoni. Anayetumia Haisi, Canter au tela atabadilisha vipimo, lakini utaratibu ni uleule.

Wazo lenyewe limeshajaribiwa kwingine. Mwaka 2008, huko Los Angeles, Roy Choi na wenzake walianzisha Kogi, gari lililouza taco, vile vichapati vya Kimeksiko, zilizojazwa nyama ya Kikorea, na wateja walikuwa wakisoma Twitter ili wajue limeegesha wapi usiku huo. Mwaka 2016 mjini Paris lilianza tamasha liitwalo Refugee Food Festival, ambamo mikahawa huwakabidhi wapishi wakimbizi majiko yake kwa siku chache ili wapike vyakula vya kwao. La kwanza linaonyesha kwamba gari linaweza kupeleka ladha isiyozoeleka mahali ambapo watu tayari wapo. La pili linaonyesha kwamba mwenye jiko anaweza kusogea pembeni kwa siku chache na biashara yake isianguke. Dar es Salaam ina mtaji mkubwa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu watu wengi wa mji huu wana kwao kwingine. Kiburu na machalari vya Uchaggani, michembe na matobolwa ya Usukumani, ming'oko ya Mtwara na Lindi, migebuka ya Kigoma, mlenda wa Dodoma: vyote hivi vinapikwa humu mjini kila wiki, ila vinapikwa ndani, nyuma ya milango, na mpita njia hana pa kuvinunua.

Kumpata mgeni na kumwomba

Usimtafute mgeni kwa kuangalia picha za vyakula mtandaoni. Wapishi wazuri wa mtaa wanajulikana kwa watu wanaowaita kazini: viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za harusi na misiba, wanakwaya, walimu wa madrasa, na mjumbe wa nyumba kumi ambaye amekula kwenye shughuli nyingi kuliko mtu yeyote. Uliza swali moja, "Nani akipika watu hawabakizi?", na jina litakalotajwa na watu watatu wasiojuana ndilo la kuanzia.

Kabla ya kusema lolote kuhusu gari, nenda ukale kwake mara mbili, na mara ya pili uende siku ambayo hakutegemei. Ladha utaiona mara ya kwanza. Mara ya pili unaangalia mikono: kama ubao uliokatiwa kuku ndio unaokatiwa kachumbari, kama maji ya kuoshea vyombo yanabadilishwa, kama chakula kilichoiva kinafunikwa. Mpishi mwenye mkono mtamu na jiko chafu anaweza kufundishika, lakini ni bora ulijue hilo mapema kuliko kuligundua saa sita mchana watu wamejipanga foleni.

Ukienda kuomba, zingatia umri na heshima ya unayemwendea. Kwa mtu mzima, nenda na anayemfahamu, na usianze habari za fedha mlangoni. Bibi yule wa Kipemba, tulipomwamkia, aliitikia "Marahaba, wanangu," akatukalisha kwenye mkeka, akasikiliza maelezo yetu yote kuhusu gari, foleni na mgao wa faida, kisha akauliza jambo ambalo hatukuwa tumelitayarishia jibu: "Nikipika mimi, nani atajua kuwa ni changu?"

Swali hilo ndilo lililotengeneza utaratibu wetu wote uliofuata. Kinachoharibu ushirikiano wa namna hii, haraka kuliko chakula kibovu, ni mwenye gari kumchukulia mgeni kama kibarua aliyebeba siri ya mapishi: anamlipa ya siku, anaichukua ladha, na wiki inayofuata chakula kilekile kinauzwa garini bila jina la mtu. Mtaa huliona jambo hilo, na mpishi wa pili hatakubali kuja. Mgeni unamwazima jiko lako na wateja wako. Chakula chake kinabaki kuwa chake.

Kwa hiyo andikeni makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari, kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya shahidi mmoja wa upande wake. Yaelezwe humo tarehe na saa za kuanza na kumaliza, vyakula vitakavyopikwa, nani ananunua vitu na kwa fedha za nani, malipo ambayo mgeni atapata hata mvua ikinyesha asiuze sahani moja, na mgao wa kinachozidi. Yaandikwe pia kwamba gari halitapika chakula hicho siku nyingine bila ridhaa yake, na kama akiridhia, jina lake litatajwa na atalipwa kiasi mtakachopatana. Ruhusa ya kupiga picha na kuzisambaza iwe kifungu cha peke yake, kwa sababu wapo watu wanaokubali kupika hadharani lakini hawataki sura zao zizunguke kwenye simu za watu. Kama mgeni si raia wa Tanzania, suala la kibali cha kazi linapaswa kumalizwa kabla ya kupanga tarehe, kwa kuwa ajira za wasio raia zinaongozwa na sheria maalumu ya mwaka 2015, na kumwita mpishi wa siku moja "mgeni wetu" hakumtoi kwenye sheria hiyo.

Jaribio la jikoni

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huruka. Mpishi wa nyumbani anapika kwa jicho, kiganja na pua. Gari linahitaji chakula ambacho sahani ya kwanza na ya hamsini zinafanana. Ukimwambia akuandikie vipimo, atakuandikia vya kukuridhisha tu, maana hajawahi kuvitumia. Tunachofanya ni hiki: siku ya jaribio, kila kitu kinawekwa kwenye chombo chake na kupimwa kwenye mizani kabla hajaanza, yaani chumvi kwenye bakuli, bizari kwenye kopo, pilipili kwenye sahani, mafuta kwenye jagi. Yeye anapika kama anavyopika siku zote, anachota kwa kiganja, anaonja, anaongeza, na hakuna anayemkatiza. Akimaliza, tunapima tena kila chombo. Kilichopungua ndicho kipimo chake halisi. Njia hii haimlazimishi kubadili mkono, na imetupa vipimo sahihi kuliko mahojiano yoyote.

Jaribio la kwanza lifanyike kwake, kwa sufuria zake na moto wake. La pili lifanyike garini, kwa nusu ya kiasi cha siku ya mauzo. Usiishie kwenye la kwanza, kwani chakula hakikui kwa kuzidishwa tu. Sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo ikilinganishwa na ujazo wake, kwa hiyo wali wa kilo kumi hautaki maji mara kumi ya wali wa kilo moja. Ukizidisha hivyo, utapata bokoboko. Chumvi inazidishwa karibu sawasawa, lakini pilipili, iliki na karafuu tunaanza na robo tatu ya hesabu kisha mwenye chakula anaonja. Nyama na pweza husinyaa: tulipopima kilo 10 za pweza mbichi, baada ya kuiva zilibaki kilo 5 na kidogo, na kwa sahani ya gramu 100 hizo ni sahani 50 tu, wakati sisi tulikuwa tumejiandalia vifungashio 80.

Moto nao ni jambo la kujifunza upya. Siku yetu ya kwanza kabisa na mgeni, tui lilikatika. Bibi alizoea jiko la mkaa, ambalo moto wake hupunguzwa kwa kutoa kaa mbili tatu, na meko yetu ya gesi ilikuwa na moto wa kuunguza chuma. Kijana wetu aliyekuwa akisimamia sufuria alikwenda kupokea barafu, tui likachemka kwa nguvu bila kukorogwa, na aliporudi mafuta yalikuwa yameelea juu na maji yamebaki chini. Bibi aliangalia ndani ya sufuria, akasema kwa sauti ya chini, "Hili si tui tena, mwanangu, hii ni mvua." Kosa lilikuwa letu. Tangu hapo, tui linapashwa kwa moto mdogo, linakorogwa kuelekea upande mmoja bila kuachwa, na kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, linatiwa mwishoni kabisa, dakika chache kabla ya kuepua.

Nazi zenyewe zilituletea somo la pili. Tulikuwa tumeandaa blenda ili kuokoa muda. Bibi alikataa, akaja na mbuzi wake wa kukunia na kifumbu cha ukili, akakaa kwenye kigoda nyuma ya gari kuanzia saa mbili asubuhi, machicha yakijaa kwenye ungo pembeni yake. Tulihesabu kwamba alitumia saa moja na nusu zaidi ya blenda. Hatukuwa tumehesabu kwamba mlio wa mbuzi ungewavuta watu: kufikia saa nne akina mama wanaotoka sokoni walikuwa wanasimama kuuliza kinapikwa nini, na wawili walishika kifumbu kumsaidia kukamua. Kwa hiyo, kama muda unaruhusu, kazi ya mkono ambayo mgeni anaiona kuwa ya lazima iachwe ifanyike, tena ifanyike mahali inapoonekana.

Menyu ya siku ya mgeni isizidi vyakula vitatu: kimoja kikuu, kimoja cha kusindikiza, na kinywaji au kitu kitamu. Gari dogo lina meko mbili au tatu, meza ya kukatia yenye urefu wa mkono, na watu watatu wasioweza kupishana bila kugusana. Kila chakula cha nne kinachoongezwa kinachelewesha vitatu vya kwanza. Vyakula vyako vya kila siku visiuzwe siku hiyo, isipokuwa kimoja kwa ajili ya watoto na wasiotaka kujaribu, kwa sababu mtu mwenye njaa akiona chipsi mayai ataagiza chipsi mayai, na mgeni atabaki akitazama sufuria yake ikipoa.

Hesabu

Tuchukue mfano wa machalari, sahani moja shilingi 6,000. Tuseme ndizi, nyama, nyanya, vitunguu na mafuta vinagharimu shilingi 2,400 kwa sahani. Gesi, maji, barafu na vifungashio ni shilingi 40,000 kwa siku. Wasaidizi wawili shilingi 50,000. Ushuru wa eneo shilingi 10,000. Hizo shilingi 100,000 zitatoka hata usipouza kitu. Mgeni mmemhakikishia shilingi 80,000.

Ukipika sahani 80, vitu vya kupikia vitakula shilingi 192,000, na jumla ya matumizi yote pamoja na malipo ya mgeni ni shilingi 372,000. Maana yake ni kwamba sahani 62 za kwanza zinarudisha fedha tu. Ukiuza zote 80 unapata shilingi 480,000, kinazidi 108,000, mnagawana nusu kwa nusu, na mgeni anaondoka na shilingi 134,000. Lakini ukiuza sahani 45, mapato ni shilingi 270,000 na gari limepoteza 102,000. Ukipika sahani 60 badala ya 80, matumizi yanashuka hadi shilingi 324,000, sahani 54 zinatosha kurudisha fedha, na hasara ya siku mbaya inapungua. Ndiyo maana tunashauri mgeni wa mara ya kwanza apangiwe hesabu ya sahani 60, na chakula kikiisha saa nane mchana kiishe. Watu waliokikosa watawahi mara ya pili. Waliokuta kimemwagwa hawatakuwa na sababu ya kuwahi.

Hesabu hii mwonyeshe mgeni kabla ya siku yenyewe, kwa karatasi, mkiwa mmekaa. Wateja wengi sasa wanalipa kwa lipa namba, na fedha hizo zinaingia kwenye simu ya mwenye gari, hivyo mgeni hana namna ya kujua kilichouzwa isipokuwa kwa kuambiwa. Tumetatua hilo kwa vikadi vya namba: kila sahani inayolipiwa inatolewa kikadi, kikadi kinarudi dirishani chakula kinapochukuliwa na kutumbukizwa kwenye kopo lililo mbele ya mgeni. Jioni mnavihesabu pamoja. Ni vikadi vya boksi la sabuni, vimekatwa kwa mkasi, na vimetuepusha na maneno mengi.

Sehemu ya hesabu hiyohiyo ni sahani ya akiba. Naples, nchini Italia, kuna desturi ya zamani ya mtu kulipia kahawa yake na ya mwingine asiyemjua. Sisi tunafanya hivyo kwa chakula. Mteja anayetaka hulipia sahani ya pili, kikadi chake kinabanwa kwenye kamba iliyo pembeni ya dirisha, na yeyote asiye na fedha huchomoa kikadi na kukileta bila kuulizwa jina wala sababu. Yapo masharti mawili ambayo hatuyalegezi. Sahani hiyo ni ileile, yenye nyama ileile, na anayeichukua hapigwi picha.

Usalama wa chakula na wa gari

Shirika la Afya Duniani lina kanuni tano za usalama wa chakula: usafi, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kuivisha vizuri, kuhifadhi kwenye joto linalofaa, na kutumia maji na malighafi salama. Katika gari, ngumu kuliko zote ni ya nne. Chakula cha baridi kikae chini ya nyuzi 5 za Selsiasi na cha moto juu ya nyuzi 60. Kilicho katikati ya hapo kwa zaidi ya saa mbili hakiuzwi. Nunua kipimajoto cha kuchoma ndani ya chakula na umpe mtu mmoja kazi ya kukitumia kila saa. Kuku na nyama ya kusaga vifike angalau nyuzi 70 katikati, si pembeni.

Wali na pilau vinahitaji tahadhari ya peke yake, na hapa hata wapishi wazoefu hubisha. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye sufuria ukipoa taratibu usiku kucha, mbegu hizo huamka, na sumu moja inayotengenezwa humo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Wali upikwe siku ileile, ukae kwenye hotpoti ukiwa wa moto, na mabaki yasirudi kesho. Samaki wa jamii ya jodari na vibua nao wakikaa joto hujenga histamini, ambayo haitolewi kwa kukaanga wala kwa ndimu. Wawe na barafu tangu ferini, yaani soko la samaki, hadi kwenye kikaango.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hujikusanya sakafuni. Mtungi, uwe wa kilo 6 au 15, usimame wima nje ya chumba cha kupikia, ufungwe kwa mnyororo usianguke gari likitembea, na sakafu iwe na matundu ya kutolea hewa kwa chini. Kila asubuhi paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Mgeni aliyezoea mkaa asiuwashe ndani ya gari hata kwa nia njema ya kutafuta ladha, kwani hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kama chakula chake hakipikiki bila mkaa, jiko liwekwe nje, upande ambao upepo hauelekei dirishani.

Vibali na mahali pa kuegesha

Leseni ya biashara ya halmashauri, namba ya mlipakodi na idhini ya afisa afya ni vya gari na ni vyako. Havimfuniki mgeni katika jambo moja, nalo ni kupima afya. Kila anayeshika chakula anatakiwa awe amepimwa, na cheti hurudiwa kila miezi sita. Mpeleke mgeni akapimwe wiki mbili kabla, gharama iwe ya gari. Kama mgeni anataka kuuza pia kitu cha kufungashwa, kwa mfano achari au unga wa viungo wenye nembo yake, hilo ni suala la TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kuondolewa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo chakula cha kubeba kitolewe kwenye vifungashio vya karatasi, na anayekuja na hotpoti yake kutoka nyumbani ajaziwe.

Eneo liombwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mama lishe walio karibu waambiwe mapema, tena na wewe mwenyewe. Gari linaloingia mtaani na foleni yake ya siku moja linaweza kumharibia jirani mauzo ya wiki. Tunachofanya ni kumwomba mama lishe wa eneo hilo auze vinywaji au chapati zake kando ya gari siku hiyo, na wawili kati yao baadaye wamekuwa wageni wetu. Tarehe nzuri ni siku chache baada ya mishahara. Mwezi wa Ramadhani, kazi ihamie jioni na mgeni apike futari, na kila kitu kiwe tayari kabla ya adhana ya magharibi, kwa maana mteja wa futari hasubiri dakika kumi.

Siku yenyewe

Mgeni asimame dirishani. Wenye magari wengi humweka nyuma kwenye moto na wao hubaki mbele wakipokea sifa. Fanya kinyume chake. Wasaidizi wako wapakue, yeye akabidhi sahani na kujibu maswali, kwa sababu mteja anayeuliza "Hii nyekundu ni nini?" anastahili kujibiwa na aliyeitia. Ubao uandikwe jina lake kwa herufi kubwa kuliko la gari, mahali anakotoka, jina la chakula kwa lugha ya kwao, na chini yake maelezo ya mstari mmoja ya kilichomo, zikiwemo karanga, maziwa na samaki kwa ajili ya wenye mzio. Mama mmoja wa Machame alipouona ubao huo alifuta neno letu "mchanganyiko wa ndizi na maharage" kwa kiganja, akaandika "kiburu", akasema anayetaka kujua aje aonje. Tulimwachia ubao, ila tukaomba maharage yabaki yametajwa.

Chakula kiwe kimeiva nusu saa kabla ya kufungua dirisha. Mgeni aonje sufuria ya kila kitu mbele yenu na aseme kama kiuzwe au kisiuzwe, na neno lake liwe la mwisho hata kama foleni ipo. Imetutokea mara moja tu kuambiwa kisiuzwe, na tulichelewa dakika arobaini. Mpe pia nusu saa ya kukaa katikati ya siku, kwenye kiti, kivulini. Watu wazima hawataomba.

Jioni, malipo yatolewe kabla vyombo havijaoshwa, yote, pamoja na karatasi ya hesabu yenye idadi ya vikadi. Karatasi ya vipimo mlivyopata kwenye jaribio mpeni nakala safi iliyoandikwa vizuri, maana huenda ndiyo mara ya kwanza chakula chake kuandikwa, na mjukuu wake ataihitaji. Kesho yake mpigie simu, si kwa ajili ya tangazo, bali kumuuliza kilichomkera. Majibu ya kweli huja siku ya pili. Sufuria zake zirudi zimesuguliwa mpaka chini, na kama kifumbu au mwiko umesahaulika garini, upelekwe asubuhi hiyohiyo, kwani huenda mchana ana watu wake wa kuwapikia.